Diwani na Mfuko Asioushika

Mvua za masika zinapojaza mitaro ya Dar es Salaam na maji yakaanza kuingia sebuleni, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni diwani. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba kura, ndiye anayeonekana misibani na harusini, na namba yake wanayo watu wengi wa kata. Lakini anapofika kwenye mtaro ulioziba, diwani huyo anakuta mtaro wenyewe hauko chini yake. Ukiwa kando ya Barabara ya Morogoro, ya Mandela au ya Nyerere, unasimamiwa na TANROADS. Ukiwa kando ya barabara ya mtaa, uko chini ya TARURA. Taka zilizouziba ni kazi ya manispaa na mkandarasi wake wa taka. Majitaka yanayofurika kutoka kwenye chemba ni ya DAWASA. Mto unaopokea maji ya mtaro huo unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na nyumba zilizojengwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni zinaihusu NEMC kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Ukiiondoa manispaa, taasisi zote hizo huripoti kwa mawaziri, na diwani hana uwezo wa kuiamuru hata moja ipeleke vijana na makoleo.

Hali hii haikuja kwa bahati mbaya. Kwa zaidi ya miaka hamsini, kila huduma za mji zilipodorora, jibu la Serikali limekuwa lile lile: kulinyang'anya baraza lililochaguliwa sehemu ya madaraka yake na kuikabidhi kwa chombo kingine. Kila mara zilikuwepo sababu, na baadhi zilikuwa za kweli. Lakini matokeo yake, uamuzi umekwenda kwa mmoja, fedha kwa mwingine, na lawama zimebaki kwa diwani. Naamini hapo ndipo ulipo mzizi wa kero nyingi tunazozilalamikia kila siku, kuanzia taka zinazokaa wiki nzima bila kuzolewa hadi barabara ya mtaa inayochongwa leo na kumomonyoka mwezi ujao. Mji hauwezi kutunzwa vizuri mpaka anayeamua, anayeshika fedha na anayeulizwa na wananchi wakutane mahali pamoja. Wapo watu wengi wenye nia njema wanaoamini kinyume cha hapo, na hoja zao zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

Tuanze na historia. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na hadhi ya jiji wakati wa Uhuru mwaka 1961. Mwafrika wa kwanza kuwa meya wake alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi yule yule aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi. Kuanzia mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwasogezea wananchi madaraka, lakini waliosogea walikuwa watumishi wa Serikali Kuu, na mabaraza ya kuchaguliwa yakatoweka. Miji ilichanganywa na wilaya za mashambani katika bajeti moja, ikapoteza watu wa kuzoa taka, kusafisha mitaro na kukagua masoko. Kipindupindu kilipoenea miaka ya sabini, madhara ya uamuzi huo yalionekana wazi, na mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kurudisha mabaraza ya miji. Sheria kamili za serikali za mitaa zilifuata mwaka 1982, na mwaka 1984 mfumo ukaanza upya. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa kulikuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza tena. Mfumo wa kuondoa mabaraza ulijaribiwa hapa kwa miaka kadhaa, katika nchi nzima, na aliyeuasisi ndiye aliyeukosoa.

Kilichotokea baada ya mabaraza kurudi kina somo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Halmashauri ya Jiji ya miaka ya themanini haikuwa nzuri, na wakazi wa Tabata walilijua hilo kuliko wengine. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake katikati ya makazi yao, na taka hizo zilichomwa na kutoa moshi, harufu na inzi usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi hao waliishtaki Halmashauri Mahakama Kuu wakashinda. Halmashauri iliomba kuongezewa muda wa kutafuta eneo lingine, ikapewa, ikaomba tena. Mwishowe Jaji Lugakingira alikataa, na akaegemea Ibara ya 14 ya Katiba inayolinda haki ya mtu kuishi. Ndipo Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, na huko nako wakazi zaidi ya 700 wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda pia. Baadaye dampo lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Kesi hizo mbili husomwa na wanafunzi wa sheria kama mwanzo wa haki ya mazingira nchini. Mimi naona zina jambo la pili. Wakazi wale walimjua wa kumshtaki. Hawakuhitaji kutafuta kama jukumu lilikuwa la wakala huu au mamlaka ile, kwa sababu taka, eneo la kuzimwaga na fedha za kuzizoa vilikuwa mikononi mwa chombo kimoja chenye jina na anwani. Halmashauri mbovu iliyokuwa na mamlaka kamili iliweza kufikishwa mbele ya jaji na kulazimishwa kubadili mwendo. Leo mkazi wa bondeni ambaye nyumba yake imejaa maji anaweza kutumia mwezi mzima kutafuta tu ofisi inayokubali kwamba mtaro ni wake.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga mtazamo huu huja na jina la Charles Keenja. Mwaka 1996 Serikali, Frederick Sumaye akiwa Waziri Mkuu, ililivunja baraza la Jiji na kuunda Tume ya Jiji chini ya Keenja. Katika miaka ile minne mapato ya Jiji yaliongezeka, barabara zikafunguliwa, na utaratibu wa kuwapa makampuni na vikundi vya wananchi kazi ya kuzoa taka ukaenea katika kata nyingi. Wakazi waliona tofauti, na mwaka 2000 wapigakura wa Ubungo walimchagua Keenja kuwa mbunge wao. Wapo wanaohitimisha kwamba huo ni ushahidi kuwa mji unakwenda vizuri zaidi bila madiwani. Nauheshimu ushahidi wenyewe, lakini hitimisho nalikataa. Tume ilifanya kazi kwa sababu ilikabidhiwa mambo yote kwa pamoja: ilikusanya kodi za mji, ikapanga matumizi, ikaajiri na kufukuza, na mkuu wake alijulikana kwa jina na kwa sura. Madiwani waliotangulia hawakuwahi kuwa na nguvu ya namna hiyo wala msaada wa aina ile kutoka juu. Kwa hiyo mafanikio ya Tume yanaunga mkono hoja ya makala haya: fedha na uamuzi vikikaa pamoja chini ya mtu anayejulikana, kazi inaonekana. Walichokosa wananchi katika miaka ile ni njia ya kumwondoa msimamizi huyo kama angeharibu. Tena Tume yenyewe haikupendekeza iendelee kutawala. Ilitayarisha mgawanyo wa Jiji katika manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na mwaka 2000 mabaraza yaliyochaguliwa yakarudi.

Juu ya manispaa hizo tatu liliwekwa Baraza la Jiji kwa ajili ya mambo yanayovuka mipaka, kama dampo la Pugu na stendi ya mabasi ya mikoani. Manispaa zikaja kuwa tano baada ya Ubungo kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa 2015, vyama vya upinzani vilikuwa na nguvu kubwa katika mabaraza ya Dar es Salaam. Uchaguzi wa meya wa Jiji uliahirishwa mara kadhaa kabla ya kufanyika Machi 2016, na Isaya Mwita wa Chadema akachaguliwa. Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja Baraza la Jiji na kuipandisha Ilala kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Sioni haja ya kubishana juu ya nia za kisiasa za wakati ule, kwa kuwa hata ukiziweka kando, tatizo la kiutendaji linabaki. Ni kweli Baraza lile lilikuwa dhaifu, halikuwa na eneo lake la kutawala, na lilitegemea michango ya manispaa. Lakini udhaifu huo ulikuwa sababu ya kulipa nguvu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na watu hao wanaishi katika halmashauri tano zinazogawana dampo moja kuu na foleni zile zile, na baadhi yake mto mmoja wa Msimbazi. Anayekaa Mbagala yuko Temeke, anayekaa Kimara yuko Ubungo, na hakuna baraza hata moja la kuchaguliwa linaloyatazama makazi yao yote kama mji mmoja. Mwenye uwezo wa kuwaita wakurugenzi watano mezani kwa wakati mmoja ni Mkuu wa Mkoa, ambaye hakupigiwa kura na yeyote kati ya watu hao milioni tano.

Fedha ndiyo sehemu iliyo nzito zaidi, na hapa kodi ya majengo inatosha kueleza yote. Katika nchi nyingi kodi hii ni ya mji, kwa sababu zinazoeleweka. Nyumba haihami, na thamani yake hupanda au kushuka kufuatana na barabara, mtaro na usalama wa mtaa ilipo. Mwenye nyumba anailipa halmashauri, halmashauri inatengeneza mtaa, nyumba inapanda thamani, na kodi inaongezeka. Sheria yetu ya mwaka 1983 iliyozipa mamlaka za miji uwezo wa kutoza kodi hii ilifuata mantiki hiyo, na ilitaka nyumba zithaminiwe. Katika mwaka wa fedha 2016/17 ukusanyaji ulihamishiwa TRA, kuanzia na manispaa za miji mikubwa, na baada ya hapo ukapanuliwa. Agosti 2021 kodi ikaanza kukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 viwango vilipanda na kufikia 1,500 na 7,500.

Watetezi wa utaratibu huu wanasema unakusanya kwa gharama ndogo, unamfikia karibu kila mwenye umeme, na umeondoa usumbufu wa kufukuzana na wenye nyumba. Yote hayo ni kweli, na hakuna mwenye busara atakayetaka kurudi kwenye daftari la mtendaji na risiti za kuandika kwa mkono. Ila tuangalie kilichopotea. Nyumba ya kawaida ya Masaki na ile ya Kivule zinalipa kiasi kile kile, ingawa thamani zake hazikaribiani hata kidogo. Mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji, naye anaachiwa akadaiane na mwenye nyumba wake. Jambo kubwa kuliko hayo yote ni kwamba uzi uliokuwa unaiunganisha kodi na mtaa umekatika. Anayeingiza tokeni za LUKU hajui kwamba amelipia mji, na diwani wake hana takwimu za kodi iliyotoka katika kata anayoiongoza. Hata pale sehemu yake inaporudishwa kwa halmashauri, kiwango kinapangwa juu na kinaweza kubadilishwa na bajeti moja tu. Halmashauri isiyojua itapata nini mwaka ujao haiwezi kusaini mkataba wa miaka mitano wa kuzoa taka, na bila mkataba wa muda mrefu mkandarasi hanunui magari mapya.

Kodi ya majengo haiko peke yake. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wengi waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na ilistahili kufutwa kwa jinsi mgambo walivyowakimbiza watu mitaani kwa ajili yake. Lakini pengo lake halikuzibwa kwa chanzo kingine cha mji. Desemba 2018 vilikuja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, vilivyogawiwa kupitia wakuu wa mikoa, na wenye vitambulisho hivyo wakaondolewa ushuru wa kila siku. Machinga walipumua, jambo jema kabisa, lakini soko walilofanyia biashara lilibaki kufagiliwa na manispaa ile ile iliyopoteza ushuru. Hata ushuru wa maegesho ya magari uliwahi kuhamishiwa TARURA. Halmashauri zimebaki zikitegemea zaidi ushuru wa huduma kutoka kwa makampuni, leseni, vibali vya ujenzi, masoko na stendi. Ilala yenye Kariakoo na maofisi ya katikati ya mji inaweza kumudu kwa mapato hayo. Kigamboni haiwezi kuwa na ushuru wa huduma wa kiwango hicho, na mkazi wake anazalisha taka kama mkazi wa Upanga.

Hoja nyingine nzito inahusu barabara. TARURA ilianza kazi Julai 2017 ikachukua barabara za mijini na vijijini kutoka halmashauri. Wahandisi wengi waliunga mkono hatua hiyo, na nawaelewa. Zamani baraza la madiwani liligawa fedha kidogo za barabara kwa kata zote ili kila diwani apate cha kuonyesha, greda likapita kila mahali kwa siku mbili, na hakuna barabara iliyokamilika. Wakala wenye wataalamu, unaopanga kwa kuangalia wingi wa magari na hali ya udongo, unaweza kujenga kilomita chache zinazodumu. Fedha nazo ziliongezeka mwaka 2021, pale tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ilipowekwa kwa ajili ya barabara hizi. Sidai barabara zirudishwe kwa greda la kugawana. Lakini uhandisi una mpaka wake. Mhandisi anajua lami iwe na unene gani na kalvati liwe na upana gani. Kujua kama mtaa wa Manzese wenye zahanati utangulizwe kabla ya mtaa wa Sinza wenye baa nyingi si suala la uhandisi, ni uamuzi juu ya nani asubiri, na uamuzi wa namna hiyo unapaswa kufanywa na watu wanaoweza kuondolewa kwa kura. Kwa sasa meneja wa TARURA anaweza kualikwa kwenye baraza, akatoa taarifa na kujibu maswali, kisha akaondoka na mpango wake ukiwa vile vile. Mtaro wa maji ya mvua unaumia zaidi katika mpangilio huo, kwa sababu umeandikwa kuwa sehemu ya barabara ilhali unazibwa na taka, na taka ni za mwingine.

Hoja inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote ni kwamba madiwani ni wezi. Viwanja vya wazi vilivyouzwa katika miaka iliyopita havijasahaulika, na ripoti za CAG zimetaja mara nyingi makusanyo ya mashine za POS ambayo hayakufika benki. Wizi huo upo, na unaumiza. Ila tuulize nani hasa ana funguo za sanduku. Diwani hasaini hundi. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, na mkurugenzi huteuliwa na Rais. Wakuu wa idara wanaweza kuhamishwa kwenda mkoa mwingine kabla hoja za ukaguzi hazijajibiwa. Baraza linaweza kupitisha azimio la kutokuwa na imani na mkurugenzi, lakini haliwezi kumwondoa. Kwa muda mrefu posho ya mwezi ya diwani ilikuwa shilingi 350,000, na kwa kiasi hicho tulitaka asimamie bajeti ya mabilioni iliyoandaliwa na wataalamu wanaomwona kama mgeni wa kila robo mwaka. Kumlipa vibaya, kumnyima taarifa, kumnyima uwezo wa kuajiri, halafu kumlaumu kwa usimamizi dhaifu, ni kumwonea. Na pale diwani anapoiba kweli, dawa yake ni TAKUKURU, mahakama na kura. Kura yenyewe imekuwa na kasoro kubwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 chama kimoja kilipata zaidi ya asilimia 99 ya mitaa baada ya vyama vikuu vya upinzani kujitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Baraza lisilo na mtu wa kuuliza swali gumu haliwezi kumbana mkurugenzi, hata likipewa sheria nzuri namna gani.

Majirani zetu wamepita njia hiyo hiyo. Nairobi ilivunjiwa baraza lake mwaka 1983 na kuongozwa na tume hadi 1992. Mwaka 2020 majukumu ya msingi ya kaunti yalihamishiwa kwa chombo cha NMS chini ya Mohammed Badi, na mwaka 2022 yakarudi kwa gavana mpya, yakiwemo ya taka za Dandora, dampo lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Kampala iliwekwa chini ya mamlaka maalumu, KCCA, kwa sheria ya mwaka 2010. Mkurugenzi wake wa kwanza, Jennifer Musisi, aliongeza mapato ya jiji kwa kiwango kikubwa, akagombana kwa miaka na meya aliyechaguliwa, Erias Lukwago, na mwaka 2018 akajiuzulu. Bidii yake haina shaka. Lakini mwenye fedha hakuwa na kura, na mwenye kura hakuwa na fedha, na mivutano yao ililigharimu jiji.

Kinachohitajika Dar es Salaam hakidai Katiba mpya. Ibara za 145 na 146 za Katiba iliyopo tayari zinasema kwamba serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kuwapa wananchi madaraka. LUKU iendelee kukusanya kodi ya majengo, lakini fedha yote iingie moja kwa moja katika halmashauri ambayo nyumba ipo, viwango virudi kufuata thamani ya nyumba, na kiasi kilichotoka kila kata kitangazwe. TARURA ibaki na wahandisi wake, lakini orodha ya barabara na mitaro ya mwaka isianze kutekelezwa kabla baraza la madiwani halijaipitisha kwa kura, na usafi wa mitaro ya mitaa urudi mikononi mwa anayezoa taka. Nafasi ya mkurugenzi itangazwe, baraza lishiriki kumpata, na azimio la theluthi mbili ya madiwani litoshe kumwondoa. Na pawepo chombo kimoja cha mji mzima, chenye wajumbe waliochaguliwa na bajeti yake, kwa ajili ya mambo manne tu: bonde la Msimbazi, dampo, usafiri na ramani ya mipango miji. Atakayesema madiwani wa leo hawana elimu ya kubeba mzigo huo ajiulize kwa nini mtu mwenye elimu agombee nafasi isiyo na uwezo wa kuzibua mtaro. Kazi ikiwa na uzito, watu wenye uzito wataitafuta.

Sheria hazitabadilika kesho asubuhi, na mvua hazitazisubiri. Lakini lipo jambo ambalo msomaji anaweza kulifanya sasa. Mkutano mkuu wa mtaa upo kisheria, ni wa wakazi wote watu wazima, na mwenyekiti anapaswa kuuitisha mara kwa mara na kusoma mapato na matumizi. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Usipopata taarifa ya mkutano wa mtaa wako kwa miezi kadhaa, nenda ofisi ya mtendaji ukaulize kwa nini. Ukifika mkutanoni, usiishie kumwambia diwani kwamba mtaro umeziba, kwa sababu hilo analijua. Mwulize mtaro huo uko chini ya nani, ni lini aliandika barua kwa mhusika, alijibiwa nini, na atawasilisha lini suala hilo barazani. Taka majibu hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kisha urudi kwenye mkutano unaofuata ukataka yasomwe.